Tusiipende Ngoma Tukamkataa Mpigaji



Huku Kumsenga, na katika vigango vyote vya mpakani, hakuna sherehe kubwa isiyotafuta ngoma. Akija mgeni wa heshima, akipewa kijana wetu Daraja Takatifu, ikifika siku ya somo wa kigango, kamati hukaa na swali la kwanza huwa lile lile: nani atawaita Warundi waje kupiga? Wanaitwa, nao wanakuja, ngoma zile nzito zikiwa vichwani mwao, na uwanja mzima hutetemeka. Wageni hupiga picha. Kisha chakula hugawanywa, magari huondoka, na wapigaji hurudi walikotoka. Siku ya Jumatatu baadhi yao huonekana mashambani mwetu wakilima kwa kibarua. Na wako wanaomaliza kipande chao wakaambiwa waondoke bila ujira, kwa kuwa aliyewapa kazi anajua kuwa hawana pa kushtaki.

Makala haya yanahusu jambo hilo. Hoja yangu ni moja. Ngoma ya watu waliopoteza nchi yao ni kumbukumbu yao na heshima yao. Haikuumbwa iwe burudani yetu. Kwa hiyo anayeipokea ngoma anawiwa kumpokea na mpigaji. Kuipenda ngoma na kumkataa mpigaji ni dhuluma, hata kama imefunikwa kwa vigelegele.

Neno moja lenye maana mbili

Sisi wa Buha tunaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu; azungumzaye moja huielewa nyingine. Katika lugha hizi ingoma ni chombo kinachopigwa, na ingoma ni utawala, ni ufalme wenyewe. Kusema kuwa mtu ameshika ingoma si kusema kuwa ameshika mti na ngozi, bali ameshika nchi.

Katika Burundi ya kale ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda. Ilitokea mbele ya watu katika sherehe ya umuganuro, ambayo Mwami aliitumia kufungua majira ya kupanda mtama. Pale Gishora, karibu na Gitega, ziliwekwa ngoma mbili, Ruciteme na Murimirwa, ambazo historia yake inaambatana na Mwami Mwezi Gisabo na vita vyake dhidi ya Ntibirangwa aliyemwasi. Ngoma zilichongwa katika gogo la mringaringa, mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme, zikawambwa ngozi ya ng'ombe. Waliozitunza na kuzipiga, yaani abatimbo, walikuwa watu wa familia maalumu za Wahutu, na kazi hiyo waliirithi baba kwa mwana. Mwami mwenyewe alitoka katika ukoo wa Baganwa, waliohesabiwa kuwa si Wahutu wala Watutsi. Basi ngoma ile ilikuwa mahali ambapo watu wa nchi nzima walikutana, kila mmoja na nafasi yake.

Nasi pia tulikuwa na enzi zetu. Majina ya Heru, Muhambwe na Buyungu hayakuanza na majimbo ya uchaguzi. Yalikuwa majina ya nchi zilizotawaliwa na Bami. Wazee wa Kasulu wanamkumbuka Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyeishika ingoma katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu ili kujenga taifa moja, na matunda ya umoja huo tunayala hadi leo. Lakini mwenye kufahamu maana ya ingoma anafahamu pia kwamba kuna kitu kiliondoka siku ile, na hakikuliliwa kwa sauti.

Mfano wa mbali

Ili tujione vizuri, tuangalie kwanza watu walio mbali nasi, katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Huko ilikuwapo milki kubwa ya Wainka, na mji wake mkuu ulikuwa Cusco, katika nchi tunayoiita leo Peru. Mwaka 1532 Wahispania wakiongozwa na Francisco Pizarro walimkamata mfalme Atahualpa mjini Cajamarca, na mwaka uliofuata wakamwua. Mfalme wa mwisho wa ukoo huo, Túpac Amaru, alikatwa kichwa katika uwanja wa Cusco mwaka 1572. Tuuweke mwaka huo kichwani, maana tutaukuta tena kwetu baada ya miaka 400 kamili.

Watu wale walinyang'anywa ardhi, wakapelekwa migodini, wakafa kwa magonjwa yaliyoletwa na wageni. Hawakubaki na jeshi wala hazina. Walibaki na lugha yao, Kikechua, na muziki wao. Filimbi za mianzi zikaendelea kulia. Walipoona gitaa la Mhispania wakajitengenezea la kwao dogo, charango, ambalo mgongo wake ulikuwa gamba la mnyama wa kwao anayefanana kidogo na kakakuona. Hivyo chombo cha mshindi kilijifunza kusema kilio cha aliyeshindwa.

Watawala waliuelewa uzito wa jambo hilo. Mwaka 1780 alisimama mtu mwingine aliyejiita Túpac Amaru akaongoza maasi makubwa. Aliposhindwa na kuuawa mwaka 1781, hukumu haikuishia kwake. Iliagizwa pia kwamba mavazi ya Wainka yaachwe, michezo ya kuigiza habari za wafalme wao ikomeshwe, na baragumu zao za kombe la pwani zisipulizwe tena. Serikali yenye mizinga na bunduki iliogopa kombe la pwani. Ilijua kuwa watu wasio na kumbukumbu hutawalika kwa urahisi.

Iko sifa moja katika muziki wao ambayo nataka tuikumbuke huku kwetu. Zile filimbi za mianzi zilizofungwa safu kwa safu mara nyingi hugawanywa kati ya wapigaji wawili. Huyu ana nusu ya sauti, na yule ana nusu nyingine. Hupokezana, mmoja akipuliza mwenzake akivuta pumzi, na wimbo hutokea kati yao. Hakuna anayeweza kuumaliza peke yake.

Mwaka 1972

Turudi nyumbani. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 bendera yake ilibeba picha ya ngoma ya Karyenda na mche wa mtama. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero aliufuta ufalme, na ngoma ikaondolewa katika bendera. Mtama peke yake ukabaki kwa muda mfupi, nao ukaondolewa baadaye. Mfalme wa mwisho, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega mwezi Aprili mwaka 1972, miaka 400 baada ya Túpac Amaru wa Cusco.

Mwezi huo huo yalianza maasi ya Wahutu kusini mwa nchi, na Watutsi wengi wakauawa. Jibu la jeshi lilikuwa kuwaua Wahutu nchi nzima, kwanza wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, makatekista, na mapadre pia. Wanahistoria hukadiria waliouawa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Waliosalimika wakavuka mpaka, wengi wao wakipita katika milima hii yetu. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi Ulyankulu, kisha Katumba, na baadaye Mishamo. Wakafyeka pori, wakalima, wakawa walipa kodi, na baada ya miaka mingi wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania.

Mwaka huo wa 1972 Waha nao walikuwa wakihamishwa. Operesheni Kigoma iliwatoa watu katika makazi yao ya asili na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa. Siwezi kulinganisha kuhamia kijiji kipya na kukimbia panga na risasi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Lakini mzee wa Kiha aliyeacha migomba na makaburi ya baba zake mwaka ule anajua, japo kwa kiasi, maana ya kutazama nyuma kilima ambacho hutarudi kukilima. Kutokana na ujuzi huo tungeweza kuanza kuwaelewa majirani zetu.

Hayakuisha. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla, aliuawa na askari. Wahutu wenye hasira wakawaua majirani zao Watutsi, jeshi likaua Wahutu, na mpaka wetu ukajaa watu tena. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ambao Mwalimu Nyerere aliusuluhisha hadi kifo chake na Nelson Mandela akaumaliza, uliwarudisha wengi makwao. Kisha mwaka 2015 ukaja mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Kambi ya Nduta, hapa Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka huo, ya Mtendeli huko Kakonko mwanzoni mwa 2016, na Nyarugusu, iliyokuwa na Wakongo tangu 1996, ikafurika. Zaidi ya Warundi 200,000 walitafuta hifadhi katika mkoa wetu. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Mzee mmoja aliyevuka mwaka 1972 aliniambia kwamba hakuna aliyekimbia na ngoma, kwa kuwa ngoma ni nzito na mtoto huchukuliwa kwanza. Walichovuka nacho ni mapigo, akanionyesha vidole vyake. Mbao walizikuta upande huu. Nami nimewaona watoto wa wakimbizi, waliozaliwa mbali na Gishora, wakigonga madumu ya maji ya plastiki kwa mpangilio ule ule wa kale: mmoja katikati akiongoza kama inkiranya, wengine wakishika mwendo usiobadilika kama amashakwe, na wengine wakimfuata kiongozi kama ibishikizo. Hakuna shule iliyowafundisha. Na nyakati za jioni, mbali na wageni, zipo sauti nyingine ambazo sisi hatuziiti kwenye sherehe zetu: inanga inayopigwa polepole na mtu akiimba kwa kunong'ona, umuduri wa uzi mmoja, filimbi ya umwironge. Kilio kikubwa hukaa zaidi katika sauti hizo ndogo.

Ngoma yapendwa, watu wasahauliwa

Sasa tuone namna dunia ilivyozipokea nyimbo hizi za watu walioumizwa.

Mwaka 1913 Mperu Daniel Alomía Robles alitunga muziki wa mchezo uitwao El Cóndor Pasa, akitumia ladha ya nyimbo za Andes. Mchezo ule ulihusu wafanyakazi wa mgodini na mwajiri wao mgeni aliyewanyonya. Mwaka 1970 Wamarekani Simon na Garfunkel waliuimba wimbo wake kwa maneno yao wenyewe, ukapendwa dunia nzima. Walidhani kuwa ni wimbo wa kale usio na mwenyewe, na mtoto wa mtunzi alilazimika kwenda mahakamani ili haki ya baba yake itambuliwe. Mamilioni ya watu waliupenda, na wachache mno walijua kuwa nyuma yake kulikuwa na wachimba madini waliodhulumiwa.

Ngoma ya Burundi ilipata bahati ile ile. Mwaka 1971 mwanamuziki Mfaransa alichukua sauti za ngoma zilizorekodiwa Burundi, akaongeza vyombo vya Kizungu, na santuri hiyo ikanunuliwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitia ngoma za Burundi katika wimbo wake mmoja. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walishangiliwa katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza. Tazameni miaka hiyo. Ni miaka ile ile ambayo wajane na mayatima wa 1972 walikuwa wakifyeka mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Aliyenunua santuri hakulazimika kujua habari zao. Alipata ngoma bila mpigaji.

Kwa nini nawaeleza ninyi habari za santuri za Ulaya? Kwa sababu tunayoyafanya sisi huku mpakani yanafanana nayo, tena sisi hatuna kisingizio cha umbali. Mzungu aliyecheza santuri mwaka 1971 hakumjua mpigaji; sisi tunamjua kwa jina, na tunajua shamba analolima.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Zaburi ya 137. Waisraeli wametekwa, wameketi kando ya mito ya Babeli, vinubi vyao wamevitundika mitini, na waliowateka ndio wanaowataka waimbe nyimbo za Sayuni ili wao wafurahi. Ombi lile ndilo lililowauma. Haitoshi kwamba mtu amepoteza nchi. Anatakiwa pia auchezeshe msiba wake mbele ya watu. Sisi hatukumteka Mrundi yeyote. Lakini tunapomwita apige ili mgeni wetu afurahi, na kesho yake tunapomwita kwa jina la dharau, tumeketi upande gani wa mto ule?

Kanisa nalo lina historia yake

Haifai kuwalaumu watu wa Ulaya peke yao tukanyamaza juu ya Kanisa. Katika Andes, karne ya 17, walikuwako wakuu wa Kanisa na mapadre waliozunguka vijijini wakikusanya ngoma na filimbi za wenyeji na kuziharibu, wakidhani wanaing'oa miungu. Lakini katika nchi hiyo hiyo padre Juan Pérez de Bocanegra, aliyekuwa paroko wa Andahuaylillas karibu na Cusco, alichapa mwaka 1631 kitabu cha ibada chenye wimbo wa Bikira Maria kwa Kikechua. Ndio wimbo wa sauti nyingi wa kwanza kuchapwa katika Amerika yote, nao uko katika lugha ya walioshindwa. Basi Kanisa moja lilivunja filimbi, na Kanisa hilo hilo likauchapa wimbo.

Burundi nako, wamisionari pamoja na watawala wa Kibelgiji hawakuupenda umuganuro, na kufikia mwaka 1930 sherehe hiyo ilikuwa imekoma. Sisemi kwamba kila kilichokuwamo kilikuwa chema. Palikuwa na msichana aliyewekwa kuwa kama mke wa Karyenda. Heshima ya mwanamke haikuruhusu jambo hilo lidumu. Lakini kulikosoa jambo moja si sawa na kulizima lote. Mtu mwenye hekima hachomi nyumba kwa sababu ya kunguni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza muziki wa asili wa mataifa yanayoinjilishwa upewe heshima na nafasi inayostahili, kwa kuwa umefungamana na maisha yao ya dini na ya jamii. Na mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya Kanisa la Afrika, alilitazama Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Maneno hayo mawili yaende pamoja. Utamadunisho wa liturujia unaoiingiza ngoma kanisani na kumwacha mpigaji mlangoni umefuata nusu ya mafundisho tu. Katika familia hakuna mtu anayekodiwa kwa sherehe.

Hatari mbili

Lakini haki inataka tuseme na upande wa pili. Ngoma ya kumbukumbu ina hatari zake, nami naziona mbili.

Ya kwanza ni chuki. Mwanamke msomi, Liisa Malkki, aliyekaa na wakimbizi wa Mishamo miaka ya 1985 na 1986, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi walivyoitunga upya historia yao kambini, wema wote ukawa upande mmoja na ubaya wote upande wa pili. Mtu aliyeumizwa huponzwa na kumbukumbu yake mwenyewe akiiacha ichache. Ngoma inayopigwa kwa ajili ya wafu wa kabila moja tu huandaa wafu wa kabila la pili. Wahutu walikufa mwaka 1972; Watutsi walikufa mwaka 1972; wote walikufa mwaka 1993. Mbele ya Mungu hakuna damu ya bei rahisi.

Ya pili ni wenye mamlaka. Mwaka 2014 Shirika la UNESCO liliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu wote. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, Rais wa Burundi alitoa amri kwamba wanawake wasipige ngoma hiyo, vikundi vijiandikishe serikalini, na kuipiga nje ya shughuli rasmi kuhitaji kibali. Zipo sababu za mila zilizotajwa juu ya wanawake, na mila hizo ni za kweli. Lakini tukumbuke baragumu za Cusco mwaka 1781. Mtawala akiona kuwa kumbukumbu ya watu haizimiki, hutafuta kuimiliki. Na huku Buha, ambako mwanamke aliwahi kuwa Mwami, ni vigumu kuwaambia binti zetu kwamba mkono wao unaweza kushika nchi lakini hauwezi kushika fimbo mbili za ngoma.

Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba dawa ni kuzizima ngoma hizi, kwa kuwa zinachochea siasa, amekosea tiba. Kumbukumbu iliyokatazwa haifi. Huhamia gizani, na gizani hakuna wa kuirekebisha. Ngoma inayopigwa uwanjani mbele ya watu wote, wakiwamo wa kabila jingine, hujifunza adabu.

Tufanye nini

Napendekeza mambo matano, na nawaomba viongozi wa walei wayapeleke katika halmashauri na katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Kwanza, ujira. Asiwepo mwamini wa vigango vyetu anayemnyima kibarua malipo yake, awe Mrundi au Muha. Kamati ya Haki na Amani ya kila kigango ipokee malalamiko ya vibarua bila kuuliza kwanza wametoka wapi. Jambo hili latangulia ngoma, maana Mungu hapokei mapigo ya mtu tuliyemdhulumu.

Pili, nafasi. Wapigaji wanaoishi kati yetu kihalali waandikwe katika jumuiya kwa majina yao, wachague na kuchaguliwa. Aliyestahili kututangulia katika maandamano ya sherehe anastahili pia kiti katika kikao.

Tatu, kuomba badala ya kuagiza. Kabla ya kuwaita, tuwaulize kama wako tayari na kama siku hiyo si siku yao ya msiba. Wakikataa, tusiwalaumu. Wakikubali, wale mezani pamoja na wageni, na gharama za ngozi na safari zisiwe juu yao.

Nne, wafu. Tarehe 2 Novemba, tunapowakumbuka marehemu wote, ngoma ipigwe kwa ajili ya waliouawa mwaka 1972, 1993 na 2015, wa makabila yote. Na hapo iletwe inanga pia, ingawa haitawasisimua wageni.

Tano, watoto. Wana wa Waha na wana wa Warundi, wavulana na wasichana, wafundishwe pamoja na wazee wanaojua, na waambiwe maana ya wanachokipiga. Kama wapigaji wawili wa filimbi za Andes, kila upande una nusu ya habari: mmoja anajua alivyokimbia, mwingine anajua alivyompokea. Na katika viwanja vya vigango tupande miringaringa. Misitu yetu imekatwa sana kwa kuni na mkaa, na mti wa kuchonga ngoma hauotwi kwa mwaka mmoja. Msimu wa mvua ukianza, kila kigango kitafute miche kumi.

Maswali kwa ajili ya mkutano wa jumuiya

1. Je, tunawafahamu kwa majina watu wanaopiga ngoma katika sherehe zetu? Wanaishi wapi, na wanaishije?
2. Katika jumuiya yetu kuna mtu anayedaiwa ujira na kibarua? Tutamsaidiaje alipe kabla ya Jumapili ijayo?
3. Wazee wetu wa Kiha wanakumbuka nini juu ya ingoma za Buha na juu ya kuhamishwa kwa mwaka 1972? Nani atawasikiliza na kuyaandika?
4. Nani atatunza miche ya mringaringa wakati wa kiangazi?